Kasha Lisilolia

Bosi alitaka kasha lisilo na sauti, akaenda kuliagiza kwa mtu aitwaye Kishindo.

Hilo peke yake liliwatosha majirani kucheka wiki nzima. Kishindo alikuwa fundi bati. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, limelala. Mtaani alijulikana kwa nyundo yake, iliyowahi kuwaamsha wagonjwa, kuwaliza watoto waliokwisha kubembelezwa, na kumfanya mwalimu wa shule ya jirani afundishe kwa ishara. Alikuwa ametengeneza mabomba ya moshi ya kiwanda cha mikate, mifereji ya paa, makabati ya ofisi. Halafu mifereji ya plastiki ikaingia madukani, makabati yakaanza kuja yamekunjwa ndani ya boksi kama shati jipya, na nyundo ikawa inapiga siku moja, inapumzika juma zima.

Kaka wa mkewe alikuwa ameshamtafutia pa kutokea: ulinzi, kwenye ghala la saruji.

"Kazi yenyewe haina jasho, shemeji," alimwambia. "Unakaa, unasikiliza. Ukisikia kitu, unapuliza filimbi."

Kishindo alicheka, akasema atafikiri. Mkewe, aliyekuwa akianua nguo nyuma yao, hakucheka. Alijua jambo ambalo kaka yake hakulijua, na mumewe pia hakulijua.

Basi siku aliyokuja bosi, banda zima lilikuwa limefagiwa. Huyu alikuwa mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta, kijana wa kama miaka thelathini aliyezoea kuvaa hedfoni kubwa shingoni popote aendapo, hata misibani, watu wakamwita Masikio. Binti wa Kishindo alikuwa mfanyakazi wake: anapokea wateja, anafuta vumbi la vidole kwenye kibodi, anawatuliza wavulana wakishindwa. Ni yeye aliyemleta.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, bosi. Kalia hiyo ndoo, ndiyo sofa ya wageni."

Masikio alikalia ndoo. "Shida yangu ni hii, mzee. Kompyuta za michezo zinachemka. Ndani kuna kadi ya picha, hiyo ikianza kazi unaweza kuipigia nguo pasi. Kwa hiyo feni zinakimbia, na feni zikikimbia, ukumbi unakuwa kiwanja cha ndege. Nikiziba, zinaungua. Nikiacha wazi, kelele. Na meza zangu nyembamba, siwezi kuweka makasha ya kompyuta yaliyo kama friji. Vijana wangu wanashindana na wa miji mingine, wanaongea kwenye maiki, na maiki ni mmbeya, inanasa kila kitu. Juzi mpinzani mmoja kauliza kama tunachezea kwenye mashine ya kusaga."

"Kauliza kama mnachezea kwenye mashine ya kusaga," binti akarudia, amesimama nyuma ya bosi.

Alikuwa na tabia hiyo: kurudia maneno ya watu polepole, kwa sauti nene ya kifuani, kana kwamba anayaonja. Wageni walidhani ni adabu.

Kishindo alicheka pale pale panapostahili. "Kwa hiyo unataka dogo, linapumua, halilii. Hata mtoto mchanga wa hivyo hajazaliwa, bosi."

"Ndiyo nimekuja kwako. Nitengenezee moja. Ukinipatia, ukumbi mzima ni wako, na tawi ninalofungua mwakani. Usiponipatia, kuna makasha ya plastiki yako melini. Si mazuri, lakini yapo."

Kishindo alitazama banda lake: karatasi za bati zilizoegemezwa ukutani, mkasi, nyundo zilizopangwa kama familia kwenye picha. Ukumbi mzima, na tawi. Hiyo ilikuwa kazi ya mwaka. Upande wa pili kulikuwa na filimbi.

"Lete hizo takataka zako za ndani nizipime," alisema. "Moto haufundishwi kupanda, bosi. Kazi yangu ni kuufungulia mlango."

* * *

Hakuna aliyekaa chini akaamua kumdanganya Kishindo. Yalianza kama ukungu unavyoanza ukutani, ukija kushtuka umeshakuwa rangi ya nyumba.

Masikio ya Kishindo hayakufa yote. Sauti nene aliisikia vizuri: lori, ngurumo, ugomvi wa wanaume. Zilizokwenda ni zile nyembamba. Nyundo juu ya bati, miaka na miaka, ilikuwa imezitafuna moja moja kama panya anavyotafuna pindo la shuka. Ndege wakaacha kuimba. Birika likaacha kupiga mluzi. Herufi zenye upepo ndani yake zikaanza kumponyoka, na maneno yakawa yanamfikia yamevunjika meno.

"Sukari imekwisha," mkewe angesema.

"Askari amefika? Kafuata nini?"

Mwanzoni walicheka naye. Kisha mkewe akajaribu kusema, mara moja tu. "Baba nanii, mbona kama husikii vizuri?" Kishindo akamgeukia na uso ambao mkewe hakutaka kuuona tena. "Mimi? Nasikia hata mnavyonisengenya. Nyinyi ndio mmeanza kunong'ona. Watu wa siku hizi hawana sauti, wanaongea kama wamekopa pumzi." Siku hiyo hakula. Kesho yake mkewe alianza kuongea kutoka tumboni, binti akamuiga, na nyumba ikaendelea.

Simu yake waliiweka isilie, itetemeke tu mfukoni mwa shati, juu ya moyo. Alipouliza, binti alimwambia simu za kisasa ndivyo zilivyo, mlio ni ushamba. Kishindo akawa anawatania wenzake wenye simu zinazolia. "Wewe bado una ile ya kuimba? Pole."

Ndivyo walivyoishi, na hawakuishi vibaya.

* * *

Kazi ilimrudishia Kishindo ujana wa miaka kumi hivi. Aliacha hata kuzungumzia magoti.

Alikata bati, akalikunja, akalifungua, akalikunja tena. Kasha likawa dogo kuliko ndoo ya maji. Kadi ya picha aliijengea chumba chake peke yake, na ukuta ulioinama, ili joto lake lisiwasumbue wenzake. "Mtu mwenye hasira mpe mlango wake wa nyuma," alimweleza mkewe, aliyekuwa amemletea chakula. Akaliinua kasha juu ya miguu mifupi livute baridi kutoka chini, akalifungua juu kama bomba la moshi la mikate. Mbele akatoboa matundu madogo madogo, mengi, yamebanana kama ya chujio la chai, kisha akaisogeza feni mpaka ikagusana nayo, isipotee nafasi hata ya unywele.

Kisha akaanza kuwinda sauti. Alikuwa na njia yake, aliyoipata kwa miaka bila kujua kwa nini ameihitaji. Alishika bisibisi kwa meno, mpini mdomoni, ncha kwenye bati, akafumba macho. Mtetemo ulipanda kwenye taya ukamwambia kila kitu. Hapa ribiti imelegea. Hapa feni inagonga. Akakata tyubu kuukuu ya gari, akaweka vipande vya mpira chini ya kila skrubu, akauma bisibisi tena. Alirudia hivyo mpaka meno yakamwambia hakuna kitu. Palikuwa pametulia kama kaburi.

Akawaita.

Mama na binti waliingia bandani mchana, mtaa ukiwa umetulia, kompyuta imewashwa, mchezo wa magari unakimbia wenyewe kwenye kioo. Kishindo alisimama kando na mikono nyuma, kama bwana harusi.

Kasha lilikuwa linapiga mluzi. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mwembamba, mkali, usiokatika, wa upepo unaolazimishwa kupita kwenye matundu madogo yenye kingo kali: fiiiii. Ungeuacha masaa mawili ungekutoa jino. Bati lenyewe halikutetemeka hata kidogo.

Binti alimtazama mama. Mama alimtazama mumewe. Kishindo alikuwa anatabasamu, na jicho lake moja, lile la upande wa nyundo, lilikuwa limelowa.

"Je?"

Mama alifikiria filimbi ya kaka yake. Alifikiria pia ukumbi, wavulana wanavyopiga kelele kule, huenda hata usisikike.

"Kimya," alisema.

"Kimya kabisa, baba," binti akasema, kwa ile sauti nene. Akaona aongeze kidogo: "Mpaka nilidhani hujaiwasha."

Kishindo alipiga kofi moja, la furaha, lililowashtua njiwa juu ya paa la jirani.

* * *

Ukumbini walilipokea kasha kama mgeni rasmi. Wavulana waliacha michezo yao wakalizunguka. Masikio aliliweka mezani, likaacha nafasi ya mtu kuweka hata kiwiko, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye meza zile. Akawasha mchezo mzito kuliko yote, akasubiri, kisha akaweka kiganja juu.

"Joto linatoka. Linatoka vizuri." Akagusa ubavuni. "Huku baridi! Mzee, hii ni friji!"

"Nilikwambia," alisema Kishindo. "Moto haufundishwi."

"Haya, sasa maiki."

Masikio alisogeza maiki mbele ya kasha, akavaa hedfoni. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyeuma ndimu akidhani ni chungwa. Alivua, akavaa tena. Kisha, kwa kuwa hakuamini, au kwa kuwa alitaka mashahidi, akabonyeza kitu na sauti ya maiki ikahamia kwenye spika kubwa za ukutani.

Ukumbi mzima uliinama. Wavulana waliziba masikio. Mmoja aliangusha soda. "Mbu!" alipiga kelele mwingine. "Mbu wa chuma!" Msichana aliyekuwa mlangoni alitoka nje kabisa.

Kishindo alisimama katikati yao, amenyooka, anatabasamu, anageuza shingo huku na huku kwa adabu. Alidhani ni mchezo wa vijana. Alisubiri wamalize.

"Haya wekeni basi," alisema, "tusikie."

Masikio alizima. Kimya kilichofuata Kishindo alikiona kwenye nyuso.

"Mzee," bosi alisema, "ilikuwa imewekwa."

"Nini?"

"Sauti. Ndiyo hiyo iliyokuwa inalia."

Kishindo alitazama spika, kana kwamba sauti huacha alama. Akamtazama mvulana aliyekuwa bado na vidole masikioni. Akawatazama wote, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa binti yake.

Lakini bosi alikuwa amefika kwake kabla. "Wewe si uliniambia jana ni kimya? Nikaahirisha kulipia mzigo wa melini? Ule mluzi hukuusikia?"

Hapo binti alikuwa na watu wawili mbele yake, na kila mmoja ameshika upande mmoja wa maisha yake. Alitafuta ile sauti nene, akaipata kwa shida.

"Inalia, baba. Inapiga mluzi."

Kishindo aliuliza jambo moja tu. "Imeanzia hapa, au tangu bandani?"

"Tangu bandani."

Nyuma kabisa mtu alishindwa kujizuia. "Jamani! Fundi wa kimya ni kiziwi!" Kicheko kikapita kama upepo juu ya meza. Masikio alimkaripia mvulana yule, lakini pembe moja ya mdomo wake haikusaidia kukaripia. Kisha akafanya kile watu wema wanachofanya: aliinama akampigia Kishindo kelele usoni, neno moja moja, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"MZEE. HEWA. NZURI. SAUTI. MBAYA."

Kishindo aliyasikia yote. Hata yangesemwa taratibu, sauti ya bosi ilikuwa nene, angeyasikia.

Baada ya hapo Masikio hakumsemesha tena. Alizungumza na binti. "Mwambie sijamkatia tamaa. Mwambie alirudishe Ijumaa, kabla sijaulipia mzigo. Mwambie kazi ya bati safi sana, ila mluzi autoe. Atakuelewa?"

"Ananielewa," alisema binti.

Kishindo alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwao, ameshika kasha kifuani.

* * *

Nyumbani aliliweka kasha juu ya meza ya chakula, akakaa mbele yake bila kuvua viatu. Mkewe alijua kabla hajaambiwa. Binti alipita moja kwa moja chumbani.

"Tangu lini?" Kishindo aliuliza.

"Nini, mume wangu?"

"Usiongee kwa tumbo. Ongea kama ulivyozaliwa."

Mkewe alijaribu, na sauti yake mwenyewe ikamshinda, kwa kuwa alikuwa ameisahau. Ilitoka nyembamba, imekwaruza. Kishindo alimwona anasogeza midomo.

"Sijasikia," alisema.

Mkewe akarudi tumboni. "Tangu ile kazi ya kiwanda cha mikate."

Kishindo alihesabu kichwani, akaacha, haikuwa na faida. "Birika linalia likichemka?"

"Linalia."

"Nilidhani limeharibika, nikawa nakuonea huruma unatumia birika bovu. Na simu?"

Mkewe alianza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Kumbe nimewacheka watu wazima wenzangu kwa simu zao." Alijipangusa uso na kiganja. "Wao wanajua?"

"Wanakupenda, baba nanii."

"Nimeuliza wanajua?"

"Wanajua."

Alicheka basi, kicheko kikubwa kama cha zamani, na mkewe akafarijika kidogo, akasogea. Ilimchukua muda kuona kwamba hakikuwa kicheko cha kusogelewa.

"Sikiliza, mke wangu. Kuwa kiziwi si kitu. Baba yangu alikufa kiziwi na watu walimzika vizuri. Lakini mimi nimeuma bisibisi wiki nzima natafuta sauti, nyinyi mkaja mkaisikia, mkanivika kilemba mkanipeleka mbele ya watoto. Mngenivua nguo tu, ingekuwa nafuu. Nguo ningejua nimevuliwa."

"Tuliogopa ungeumia."

"Ndiyo," alisema Kishindo. "Mmeniokoa."

* * *

Lakini mikono ya fundi haikai na kinyongo muda mrefu. Kishindo alilifikiria jambo lile kama bomba la moshi lililoziba: upepo unalia ukibanwa. Alikata lile chujio la mbele lote, akaweka mifereji mirefu, mipana, akapiga msasa kila ukingo mpaka ukawa laini kama mdomo wa kikombe. Akairudisha feni nyuma kwa upana wa kidole, akiizungushia pete ya mpira. Kasha lilinenepa kidogo tu. Ijumaa asubuhi aliliwasha, akauma bisibisi. Meno yakasema hakuna kitu. Lakini meno yalisema hivyo hivyo mara ya kwanza.

Aliwaita tena, kwa kuwa hakuwa na wengine wa kuwaita.

Walisimama mbele ya kasha, mama na binti, wamebana pumzi. Kilichosikika ni pumzi ya hewa tu, kama ya mtu aliyelala vizuri chumba cha pili. Mluzi ulikuwa umekwenda. Mama aliinamisha sikio mpaka karibu aguse bati. Macho yakamjaa machozi.

"Kimya," alisema.

Kishindo alimtazama sana.

"Kimya, baba, kweli!" binti akasema. "Safari hii kweli! Haki ya Mungu!"

"Safari ile mliapa?"

"Hatukuapa."

"Basi mmeongeza kiapo."

Binti alitoa simu, akafungua programu ya kupima sauti, akamwonyesha namba zinavyocheza chini kabisa. Kishindo alizitazama kwa heshima. "Hii si ndiyo familia ya ile simu yangu isiyolia kwa kuwa mlio ni ushamba?"

"Baba!"

Akaenda kumwita mchomeaji wa banda la pili, mtu mzima, rafiki yake wa miaka. Mchomeaji alisikiliza, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Ndugu yangu, kimya. Kama maji mtungini."

"Simu yangu hailii, wewe ulijua?"

Mchomeaji alijikuna shingo. "Eeh... tulijua."

"Asante. Rudi kazini."

Alichukua mkasi wa bati, akapanua mfereji wa kwanza. Mkewe alipiga kelele, sasa hakuwa na haja ya kificho, alipiga kutoka kooni na tumboni kwa pamoja: "Kimya! Nasema kimya! Kimya!" Mafundi wa mabanda ya jirani waliacha nyundo zao, kila mmoja akidhani anaambiwa yeye. "Leo mama kaamka vibaya," alisema mmoja. "Anatunyamazisha sote." Mtaa mzima ukatulia, na katikati ya utulivu ule kasha likaendelea kupumua taratibu, na kila mtu alilisikia lisivyolia, isipokuwa mmoja.

Simu ya binti ilitetemeka. Bosi. Mzigo unasubiri malipo, je, mnaleta?

"Nalipeleka hivi hivi," alisema binti, akalishika.

"Weka chini," alisema Kishindo, bila kupandisha sauti. "Sitasimama tena mbele ya wale watoto nikichekelea."

"Mimi ndiye nitakayesimama!"

"Wewe ulisimama. Uliniacha katikati."

Binti aliliachia kasha. Alitoka akaenda kukaa barazani, ameshika simu kwa mikono miwili, anaandika, anafuta, anaandika.

Walibaki wawili. Kishindo alipanua mfereji wa pili, akapiga msasa, akawasha, akauma bisibisi. Akamgeukia mkewe. Hakuuliza tena kama inalia. Aliuliza, kwa upole ambao mkewe hakuwa ameusikia tangu siku ile ya ukumbini:

"Inalia wapi?"

"Hailii, baba nanii."

Uso ulijifunga. Akachukua mkasi.

Ndipo mama akafikiria: nikimwonyesha mahali padogo, pasipo na madhara, atapasugua, moyo utatulia, ataliachia litoke. Dakika mbili tu. Binti bado yupo barazani. Alisogea, akainama, akajifanya anasikiliza. Akanyoosha kidole kwenye kona ya juu.

"Hapa," alisema. "Inalia kidogo hapa."

Kishindo aling'aa. Kwa mara ya kwanza tangu ukumbini alimtazama mkewe kama mke. "Si nilisema? Si nilisema mimi?" Akacheka, akampiga bega taratibu. "Hapo sasa umekuwa mtu wangu." Akaipasua kona ile, akaipiga msasa, akapuliza vumbi lake, akainuka na kujinyoosha mgongo.

"Na wapi tena?"

Mkewe alitazama kasha. Ubavu wa mbele ulikuwa umeanza kulegea, feni ikiyumba kwenye pete yake. Alisikia barazani binti akisema kwenye simu, "Ndiyo, bosi. Naelewa, bosi. Basi lipia mzigo wako." Alimtazama mumewe, aliyekuwa amesimama na mkasi wazi, amemwinamia, anamwamini.

"Na hapa," alisema.